Kadi Mpya ya Grafiki Ikigoma: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Mtu anayebadilisha kadi ya grafiki hapa Tanga kwa kawaida huanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell au HP yenye zaidi ya miaka kumi, ambayo aliinunua kwa bei ya kuvumilika na ambayo imemfanyia kazi zake bila matata. Hukusanya fedha kwa miezi, huagiza kadi kutoka Kariakoo, huipokea stendi ikiwa imeviringishwa kwenye nguo, na huichomeka usiku huo huo. Kioo kinabaki cheusi. Asubuhi anafika Ngamiani na kadi mkononi, akisema kwamba imekufa.

Nimefungua makasha mengi ya namna hiyo, na kadi zilizokuwa zimekufa kweli ni chache. Kadi mpya inadai umeme mwingi zaidi, nafasi kubwa zaidi, hewa zaidi na maelekezo mapya kutoka kwa mashine ambayo haikuundwa kwa kuitazamia, na penye upungufu ndipo dalili inapojitokeza, ingawa lawama huiangukia kadi. Ndiyo maana ninasisitiza utaratibu: chunguza kwanza kile kisichogharimu chochote, kisha umeme, kisha programu, na kadi yenyewe iwe ya mwisho kutiliwa shaka. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike matokeo. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua ni kipi kilichomfaa, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kabla ya kugusa chochote, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Ikiwa kadi imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya boksi lake kwa saa moja au mbili. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kitu cha baridi kikifunguliwa ghafla katika chumba chenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Umeme ukipita juu ya maji hayo, hasara haina marekebisho.

Kompyuta haiwaki, au inawaka kwa sekunde moja na kuzima

Hapa pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inajilinda. Imekuta njia fupi ya umeme au mzigo usio wa kawaida, ikakata. Ondoa kadi ujaribu kuwasha. Ikiwaka, sababu iko katika kadi, katika waya wake wa umeme, au katika jinsi ilivyokaa. Isipowaka hata bila kadi, huenda ulipokuwa ukipitisha mkono uliilegeza plagi kubwa ya ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, au RAM, vijiti vya kumbukumbu ya kazi, imeinuka kidogo kutoka kwenye tundu lake. Zikandamize zote taratibu kabla ya kufikiria jambo kubwa zaidi, na uangalie kama hakuna skrubu iliyoangukia chini ya ubao.

Kosa linalounguza kweli liko kwenye nyaya. Plagi ya pini 8 ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, na plagi ya pini 8 ya kadi zinafanana kwa mbali, lakini chanya na hasi zimepangwa kinyume. Watengenezaji wamezitofautisha maumbo ili zisiingiliane, ila mtu mwenye haraka na mkono wenye nguvu anaweza kuilazimisha. Zitambue hivi: ya kadi kwa kawaida hugawanyika 6 na 2, ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Hatari nyingine iko kwa pawa saplai ambazo nyaya zake huchomoka pande zote mbili. Waya wa pawa saplai moja usitumike kwenye nyingine hata kama unaingia bila kukaza, kwa sababu upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini kwa mpango wake. Waya wa kuazima kwa jirani unaweza kupeleka volti 12 mahali ambapo hazikutakiwa kufika.

Feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi kuliko nyingine zote, na sababu zake ni nyingi kuanzia za kitoto hadi za kuumiza kichwa. Kijana mmoja wa Makorora alinifikia akiwa amekwisha kumwandikia muuzaji maneno makali.

"Shikamoo fundi. Kadi niliyouziwa ni mbovu."

"Marahaba, mwanangu. Waya wa kioo umeuchomeka wapi?"

Alikuwa ameuchomeka pale pale ulipokuwa siku zote, kwenye tundu la ubao mama. Kadi ikishawekwa, picha hutokea kwenye matundu yake yenyewe, ambayo hulala kwa mlalo chini zaidi nyuma ya kasha. Kompyuta nyingi huyazima matundu ya ubao mara zinapoitambua kadi. Kwa hiyo hamisha waya, na uhakikishe kioo kimechaguliwa kupokea picha kutoka kwenye tundu hilo.

Ikiwa kioo chako ni cha zamani chenye plagi ya VGA ya buluu, jambo hilo pekee linatosha kuleta giza. Kadi za leo hazitoi ishara ya VGA hata kidogo. Kwa NVIDIA, mmoja wa watengenezaji wakuu wa chipu za kadi, mfululizo wa GTX 10 ulioanza 2016 ndio ulioiacha. Kipande cha plastiki kinachobadilisha umbo la plagi tu hakifai kitu. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ndani, cha kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA, na ukipata nafasi ya kununua kioo cha HDMI cha mtumba, nunua hicho badala ya kigeuzi, maana vigeuzi vya bei ya chini huharibika mapema.

Baada ya waya wa kioo, tazama kukaa kwa kadi. Kadi isukumwe ndani ya tundu hadi kibanio cha mwisho kitoe mlio wa kubana, na ubavu wa dhahabu usionekane ukipanda upande mmoja. Katika makasha ya ofisi, bati la nyuma mara nyingi hugongana na ukingo wa kasha na kuiinua kadi kwa milimita moja au mbili, na milimita hizo zinatosha kuikosesha mawasiliano. Legeza skrubu, isukume kadi, ndipo ukaze. Kisha hakikisha plagi za umeme za kadi zimeingia zote na kubana. Kadi yenye matundu mawili ya umeme haitafanya kazi ikipewa moja. Nyingine huwasha taa nyekundu kando ya tundu lililokosa umeme, nyingine huzungusha feni kwa kasi ya juu bila kutoa picha.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada ambalo miongozo iliyoandikwa bara au ughaibuni hailitaji. Kompyuta iliyokaa miaka mitano karibu na bahari, tuseme Raskazone au Mwambani, ambako upepo wa kusi huingiza chumvi hadi kwenye mapazia, huwa na ukungu wa kijani au mweupe kwenye mguso wa shaba na vumbi lililogandamana ndani ya tundu la PCIe, yaani tundu refu la ubao mama linalopokea kadi. Kadi ya zamani iliendelea kufanya kazi kwa sababu haijawahi kutolewa. Umeichomoa, ukavuruga mguso uliokuwa umeshikana, na kadi mpya inakuta uchafu. Puliza tundu kwa bloa kwa mbali kidogo, kisha futa ubavu wa dhahabu wa kadi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke kabisa. Usitumie spiriti ya taa yenye rangi, na usisugue kwa msasa, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba mno na likitoka, shaba iliyo chini itaota kutu ndani ya miezi.

Kama yote hayo yako sawa, sikiliza milio. Kompyuta yenye kipaza sauti kidogo ndani hutoa mlio mmoja mrefu na mifupi kadhaa inaposhindwa kuiona kadi, ingawa mpangilio hutofautiana kwa kila kampuni, na Dell na HP huongeza taa zinazomulika kwa hesabu maalumu. Hesabu mara zinazomulika na ulinganishe na kitabu cha modeli yako. Ubao wa kisasa wenye RAM ya DDR5 nao unaweza kukaa kwenye giza dakika kadhaa baada ya mipangilio ya bayosi, programu ya ubao inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kufutwa, ukijifunza RAM upya. Wengi huuzima kwa hofu katikati ya kazi hiyo.

Kisha bayosi. Rudisha kadi ya zamani au tumia picha ya ubao mama, ingia humo, na uangalie vitu viwili. Kwanza toleo lake: kampuni zilitoa matoleo mapya ya bayosi kwa mashine nyingi za ofisi, na baadhi yake yalirekebisha utambuzi wa kadi. Pili mtindo wa kuwasha: baadhi ya kadi mpya hukataa kuonyesha picha wakati bayosi iko kwenye mtindo wa zamani badala ya ule mpya uitwao UEFI. Usibadilishe mtindo huo kwa pupa, kwa sababu Windows iliyowekwa kwenye diski yenye mpangilio wa zamani uitwao MBR haitawaka tena chini ya UEFI. Windows 10 na 11 zina chombo kinachoitwa mbr2gpt kinachobadilisha mpangilio huo bila kufuta mafaili, na hata hivyo nakili kazi zako muhimu kwanza.

Neno moja kuhusu kujaribu kwa picha ya ubao mama: haiwezekani kwa prosesa zote. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina uwezo wa picha, na Ryzen 5 3600 na 5600 vilevile. Mwenye prosesa hizo akitoa kadi, giza analoliona ni la kawaida na halithibitishi lolote.

Kompyuta inazima au kujiwasha upya katikati ya gemu

Kompyuta inawaka, Windows inafunguka, unatazama video saa mbili bila tatizo, kisha dakika ya tano ya gemu kila kitu kinazima kama umeme uliokatika. Ninaomba msomaji aisome sehemu hii polepole, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua kadi ya pili isiyohitajika. Katika orodha ya matukio ya Windows utakuta Kernel-Power namba 41, ambayo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuagwa tu, haikwambii aliyeizima.

Anza na lebo ya pawa saplai. Usisome namba kubwa iliyochapishwa kwa rangi. Tafuta mstari wa volti 12 na ampea zake, kisha zidisha. Nimewahi kushika pawa saplai iliyoandikwa wati 500 ambayo mstari wake wa volti 12 ulikuwa na ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni wati 216, na prosesa na kadi zote hula kutoka kwenye mstari huo. Pawa saplai ya namna hiyo ni ya wati 216 kwa kazi yetu, boksi lake liseme litakalo.

Sasa hesabu ya mahitaji. Chukua Dell OptiPlex 9020 ya mnara, mashine inayopatikana sana: pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina plagi ya kadi. Prosesa ya i5-4590 imepimwa wati 84. Ukiiwekea RTX 3060, ambayo ni ya wati 170, umefika 254 kabla ya kuhesabu diski, RAM, feni na ubao wenyewe. Zaidi ya hapo, wati zinazotajwa ni za wastani; kwa milisekunde chache kadi inaweza kuruka mbali juu ya wastani wake, na mruko huo ndio unaoiangusha pawa saplai iliyobanwa. NVIDIA yenyewe inapendekeza wati 550 kwa kadi hiyo, na pendekezo hilo si la kuuza pawa saplai.

Tundu la PCIe linatoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, plagi ya pini 8 wati 150. Kwa hiyo mwenye mashine ya ofisi ambaye hataki kubadilisha pawa saplai achague kadi inayoishi ndani ya wati 75 za tundu: GTX 1650 isiyo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, ya wati 70. Huo ndio ushauri wangu kwa wengi, hata pale wanapokuwa na fedha ya kadi kubwa, kwa sababu pawa saplai za mashine hizi mara nyingi zina umbo na plagi za peke yake. Hiyo 9020 hutumia plagi ya pini 8 kwenye ubao badala ya 24 za kawaida, hivyo kuibadilisha kunadai kigeuzi, na katika makasha membamba pawa saplai ya kawaida haiingii.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa vigeuzi vinavyochukua umeme wa diski na kuupeleka kwenye kadi. Plagi hiyo ya umeme wa diski, iitwayo SATA, imekadiriwa wati 54 kwenye volti 12. Kuitaka itoe 150 ni kuitaka iyeyuke, na nimeona plagi iliyoyeyuka hadi ikashikamana na waya wa jirani. Mtu akiniletea kompyuta yenye kigeuzi hicho sikiwashi hata kwa majaribio.

Ili kupata uhakika kabla ya kununua pawa saplai, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Sakinisha MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi na nguvu ya kadi, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 au chini zaidi ikiruhusu, weka kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde ndani ya gemu, kisha cheza kwa saa nzima. Ikiwa kuzima kumekoma, umeme ndio chanzo kwa uwezekano mkubwa, na mara nyingine unaweza kuendelea hivyo hivyo hadi upate fedha, kwa sababu kasi inayopotea huwa ndogo kuliko nguvu inayopunguzwa.

Nje ya kasha pia kuna mambo. UPS, kifaa cha betri ya akiba, ikiwa ndogo ya VA 650 hubeba takriban wati 360 hadi 390, pamoja na kioo. Kadi ikipanda, UPS hulia na kukata. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, inayobofya inapohamisha ngazi hukata umeme kwa kitambo kifupi sana, na pawa saplai nzuri inavumilia milisekunde 16 hivi, ila iliyochoka inazima. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini jioni, nyumba nyingi zinapowasha vyote kwa pamoja, unaweza kushuka. Pima kwa multimita kwenye soketi wakati gemu linaendelea, na ujaribu kuchomeka kompyuta ukutani moja kwa moja bila UPS wala stabilaiza, kwa muda mfupi wa jaribio tu. Epuka pia soketi ya kuunganisha iliyobeba pasi, jagi la umeme na kompyuta. Chunguza ncha zake: zikiwa na weusi au zinapata moto, hapo pana mguso mbovu.

Picha inaonekana, lakini draiva inagoma

Kioo kinaonyesha herufi kubwa zilizovimba, na katika orodha ya vifaa ya Windows iitwayo Device Manager kadi ina alama ya njano. Mara nyingi mabaki ya draiva ya zamani, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, yanagombana na mpya, hasa mtu anapohama kutoka kadi ya AMD, mshindani wa NVIDIA, kwenda ya NVIDIA au kinyume chake. Pakua kwanza draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, ukijua kwamba faili hilo mara nyingi huzidi MB 500, kwa hiyo andaa bando. Kisha kata intaneti ili Windows isipachike draiva yake katikati ya kazi, ingia kwenye hali salama, futa mabaki kwa programu ya DDU, washa upya na usakinishe.

Hitilafu namba 43 katika orodha hiyo ya vifaa inahitaji umakini zaidi. Inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa umeme mdogo, na inaweza kuwa kadi imebadilishwa bayosi. Zimeuzwa kwa wingi kadi za zamani, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya bayosi ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Draiva halisi inapozichunguza huzikataa. Fungua GPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kadi: tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hiyo. Kwa macho, 1050 Ti yenye tundu la VGA ya buluu itiliwe shaka papo hapo. Baadhi ya kadi za RX 570 na 580 zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijiti nazo zina bayosi iliyochezewa, na zenye swichi ndogo ubavuni zinaweza kurudi katika hali yake kwa kuisogeza swichi kompyuta ikiwa imezimwa.

Kila kitu kinafanya kazi, ila gemu halikuwa jepesi

Rudi kwenye waya wa kioo. Katika mashine zinazoacha matundu ya ubao yakiwa hai, gemu linaweza kuwa linachorwa na chipu ndogo ya prosesa. Kisha tazama matumizi ya kadi wakati wa kucheza. Ikiwa kadi inafanya kazi kwa asilimia 95 au zaidi, imefika kikomo chake na mashine iko sawa. Ikiwa iko asilimia 50 huku prosesa ikihema, prosesa ndiyo inayoichelewesha, na kadi kubwa zaidi haitaongeza kitu. Prosesa ya nyuzi nne ya 2013 hukwama katika magemu ya leo, na fedha inayofuata iende huko. Kabla ya hapo angalia RAM: kijiti kimoja cha GB 8 husoma kwa njia moja, vijiti viwili kwa njia mbili, na tofauti hiyo huonekana hasa katika mkwamo wa ghafla. Fremu zikiganda kwenye 60 bila kupanda wala kushuka, basi V-sync, mpangilio unaofungia fremu kwenye kasi ya kioo, imewashwa kwenye kioo cha Hz 60.

Tundu nalo lina maana. Ubao wenye matundu mawili marefu mara nyingi una la chini lenye njia nne tu za kupitisha data ingawa kwa sura ni sawa na la juu. RX 6500 XT yenyewe ina njia nne pekee, na ikichomekwa kwenye ubao wa PCIe 3.0 hupoteza kasi inayoonekana, hasa kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. Kwa mwenye mashine ya zamani siipendekezi kabisa. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, ambayo mashine nyingi za kabla ya 2020 hazina.

Joto na kelele

Mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikiwa inamalizikia, chumba kisicho na kiyoyozi hapa Tanga hupita nyuzi 30 mchana, na joto la kadi hupanda karibu sawa kwa sawa na la chumba. Usilinganishe vipimo vyako na vya mtu wa Uingereza anayecheza kwenye nyuzi 20. Nyuzi 70 hadi 80 ni za kawaida. Kadi nyingi za NVIDIA hukaribia 83 ndipo zinapoanza kupunguza kasi, na kwa AMD kipimo cha sehemu yenye joto zaidi kinaweza kukaribia 110 bila kuwa ugonjwa. Ukifungua ubavu wa kasha na joto likashuka kwa nyuzi kumi, hewa haiingii vya kutosha: ongeza feni ya mbele, ondoa kasha kwenye kona ya kabati, na safisha vumbi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Feni za kadi kusimama kabisa wakati hakuna gemu ni jambo lililokusudiwa, na mlio mwembamba kama wa nyenje kutoka kwenye koili kadi inapofanya kazi sana unaudhi lakini hauharibu.

Mistari, vidoa na rangi zisizo mahali pake

Piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi na uifungue kwenye simu. Vidoa vikionekana ndani ya picha hiyo, vimetoka kwenye kadi au draiva. Visipoonekana, waya au kioo ndicho kibovu. Jaribio hili la dakika moja limewaokolea watu safari nyingi. Vidoa vya kadi vinavyotokea kabla hata Windows haijafunguka humaanisha kumbukumbu ya kadi inakufa, na tangu Ethereum ilipoacha uchimbaji kwa kadi mnamo Septemba 2022, kadi zilizochoka kwa kazi hiyo zimezagaa sokoni. Punguza kasi ya kumbukumbu kwa Afterburner uone kama vidoa vinapungua. Vikipungua, umepata ushahidi. Usikubali kuioka kadi kwenye oveni, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, kwani hata ikifufuka hufa tena baada ya siku au wiki chache, na moshi wake ni sumu mahali panapopikiwa.

Kadi inaporudi kwa muuzaji

Ijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye pawa saplai ya kuaminika, na urekodi video inayoonyesha namba ya kadi, plagi zake na dalili, bila kukatisha. Usifungue mapezi ya kupozea wala kubandua stika, maana muuzaji atakuwa na haki ya kukataa. Irudishe katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya boksi gumu lenye sponji pande zote, na umkabidhi kondakta mkononi. Na kama ni kompyuta nzima inayosafirishwa kwenda Dar es Salaam, toa kadi ndani yake na uifunge peke yake: kwa takriban kilomita 350 za barabara, kadi nzito iliyoning'inia kwenye tundu moja hutikisika kila penye tuta, na linalovunjika huwa ni tundu la ubao mama.